Ikishuka, Nani Ataishika?

Kila msimu wa ligi unapokaribia ukingoni, vijiwe vya soka nchini hugawanyika. Kijiwe kikubwa, chenye kelele, hubishana Simba au Yanga. Kijiwe kidogo, kwa sauti ya chini, huhesabu kwa vidole: nani yuko nafasi ya 13, nani ya 14, nani wa tatu kule Championship, na nani atakutana na nani kwenye mchujo. Watu wa Musoma, Shinyanga, Mbeya, Geita na Turiani wanaijua hesabu hiyo vizuri kuliko tarehe ya mechi ya watani wa jadi. Leo nakaa kwenye kijiwe hicho kidogo, na nina hoja moja. Tunatumia pumzi nyingi kubishana kama mchujo ni wa haki au si wa haki, wakati swali zito liko kwingine: siku timu imeshashuka daraja, nani anaishika mkono? Jibu langu ni kwamba inashikwa na kitu kisichoweza kufunga virago na kuhama. Mkoa wa Morogoro, ukiusoma kuanzia Uwanja wa Jamhuri chini ya Milima ya Uluguru hadi mashamba ya miwa ya Mtibwa, una ushahidi mwingi wa jambo hilo, wa kuniunga mkono na wa kunipinga.

Tuanze na mchujo wenyewe, kwa sababu ndio unaozua kelele. Ligi Kuu ina timu 16, na Championship, ambayo hadi 2021 tuliiita Ligi Daraja la Kwanza, nayo ina 16. Mbili za mkiani Ligi Kuu zinashuka bila mjadala, na mbili za kileleni Championship zinapanda bila mjadala. Mjadala uko katikati. Wa 13 na wa 14 wa Ligi Kuu wanacheza nyumbani na ugenini. Anayeshinda amepona, anayeshindwa anamsubiri mshindi kati ya wa tatu na wa nne wa Championship. Utaratibu huu umekuwa ukibadilishwa mara kwa mara, lakini ukichukua mikutano yote ya timu ya juu na timu ya chini tangu 2019 hadi 2025 unapata 10. Mwaka 2019 Mwadui na Kagera Sugar zilijinusuru mbele ya Geita na Pamba. Mwaka 2020 Mbeya City ilibaki, lakini Mbao ya Mwanza iling'olewa na Ihefu. Mwaka 2021 Mtibwa Sugar iliizuia Transit Camp na Coastal Union ikaizuia Pamba. Mwaka uliofuata Tanzania Prisons iliizuia JKT Tanzania. Mwaka 2023 Mashujaa ya Kigoma iliitoa Mbeya City. Mwaka 2024 Tabora United ilibaki mbele ya Biashara United, na 2025 Fountain Gate ikabaki mbele ya Stand United. Timu ya juu imepona mara 8, ya chini imepita mara 2 tu.

Wapo watakaoichukua hesabu hiyo na kusema: unaona, mchujo ni geresha, timu ya Championship inacheza mechi 30, inamaliza ya tatu, halafu inapewa mlango uliofungwa nusu. Wengine watasema kinyume chake, kwamba mara 8 kwa 2 ni uthibitisho kuwa Ligi Kuu ina ubora, na kwamba mchujo unafanya kazi yake ya kuchuja. Mimi naona pande zote mbili zinaishia mapema mno. Chukua hizo mbili zilizopita, Ihefu na Mashujaa, uzifuate baada ya sherehe. Ihefu ya Mbarali ilipanda 2020, ikashuka 2021, ikapanda tena 2022, na kufika 2024 timu ile ikawa Singida, ikiitwa Singida Black Stars. Mashujaa ilipanda 2023, na iko palepale Kigoma, kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika, kwa jina lilelile. Zimepita mlango mmoja, na hatima zake hazifanani hata kidogo. Mashujaa ni timu ya Jeshi la Wananchi. Ihefu ilikuwa mali iliyoweza kubadilisha mikono, na mali hufuata mwenye nayo.

Wala Ihefu si ya peke yake, na sisemi hili kwa kumlaumu mtu, kwa kuwa mambo haya yamefanyika waziwazi na kanuni zimeyaruhusu. Timu iliyopanda 2022 ikiwa DTB, timu ya benki, iliingia Ligi Kuu kwa jina la Singida Big Stars, ikawa Singida Fountain Gate, kisha Fountain Gate, na leo nyumbani kwake ni Babati mkoani Manyara. Kitayosce iliyotoka Kilimanjaro ilipanda 2023 ikiwa imeshahamia Tabora, ikaitwa Tabora United, na mwaka 2025 ikawa TRA United. Hebu jiweke kwenye nafasi ya kijana aliyekuwa akilipa kiingilio kuitazama timu ya mjini kwake ikipambana daraja la chini, uwanja wenye vumbi, waamuzi wanaochelewa, wachezaji wanaosafiri usiku kucha kwa basi. Timu inapanda, yeye anashangilia wiki moja, halafu anaambiwa msimu ujao itacheza kilomita mia kadhaa kutoka mlangoni kwake. Ngazi imefanya kazi yake, lakini iliyopanda ni nafasi kwenye ligi. Mji umebaki ulipokuwa.

Sasa twende Turiani. Kabla sijaendelea, nitengue kosa moja linalorudiwa sana: Mtibwa haiko chini ya Uluguru. Ukitoka Morogoro mjini unakwenda kaskazini, unaingia Wilaya ya Mvomero, unafika bonde la miwa chini ya Milima ya Nguru. Huko ndiko Mtibwa Sugar ilikoanzishwa 1988 na wafanyakazi wa kiwanda cha sukari, na huko ndiko uliko Uwanja wa Manungu. Timu hii ya wakata miwa ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1999, ikautetea mwaka 2000. Tangu hapo ubingwa haujawahi kutoka nje ya Dar es Salaam; umezunguka kwa Simba, Yanga na, mara moja mwaka 2014, Azam. Mtibwa ndiyo bingwa wa mwisho kutoka mikoani. Na bingwa wa kwanza kutoka mikoani ni nani? Mseto ya Morogoro, mwaka 1975. Mkoa mmoja ndio uliofungua mlango huo, na mkoa huohuo ndio uliopita mara ya mwisho kabla haujafungwa.

Mtibwa ilikaa Ligi Kuu robo karne na ushei. Ilitwaa Kombe la Mapinduzi mara mbili, 2010 na 2020. Mwaka 2018 ilitwaa Kombe la Shirikisho la Azam kwa kuifunga Singida United 3-2 pale Arusha, na kabla ya kurudi kwenye mashindano ya Afrika ikalazimika kwanza kumalizana na CAF juu ya faini ya zamani, ya tangu miaka ya 2000 mwanzoni iliposhindwa kusafiri kucheza na Santos ya Afrika Kusini. (Deni la miaka 15 lililoikuta timu ileile, kwa jina lilelile. Ingekuwa moja ya zile timu zinazobadili jina, sijui CAF wangemdai nani.) Ikawaondoa Northern Dynamo wa Shelisheli, ikaondolewa na KCCA ya Uganda. Wakati huohuo ilikuwa ikiwalea vijana na kuwapeleka mjini: mwaka 2016 Simba iliwachukua Shiza Kichuya, Mzamiru Yassin na Mohamed Ibrahim kwa mpigo, na Dickson Job alikwenda Yanga 2021. Timu ya namna hii hubomolewa kila baada ya misimu miwili na kujengwa upya. Dalili za kuchoka zilionekana kwenye mchujo ule wa 2021. Mwaka 2024 ikamaliza mkiani, ya 16, na ikashuka.

Hapa ndipo hoja yangu inapopimwa. Singida United, ile iliyofungwa na Mtibwa kwenye fainali ya Arusha, ilishuka 2020, miaka miwili tu baada ya fainali hiyo, na ikaporomoka moja kwa moja. Leo inatajwa kama kumbukumbu. Gwambina ya Misungwi ilishuka 2021 na haikuonekana tena juu. Mtibwa ilishuka 2024, na 2025 chini ya kocha Awadh Juma, Maniche, ikawa bingwa wa Championship na kupanda bila kugusa mchujo, ikifuatana na Mbeya City. Tofauti ilikuwa nini? Vipaji? Singida United siku zake nzuri ilikuwa na fedha nyingi za usajili kuliko Mtibwa. Mashabiki? Mtibwa haijawahi kusifika kwa umati. Tofauti ni kwamba siku ya Jumatatu baada ya kushuka, kiwanda kilikuwa palepale, uwanja ulikuwa palepale, na timu ya vijana, ambayo imewahi kutwaa ubingwa wa ligi ya chini ya miaka 20 zaidi ya mara moja, ilikuwa palepale. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kupiga hesabu kama inalipa kuendelea na timu iliyo daraja la chini, kwa sababu timu haikuanzishwa kwa hesabu hiyo.

Mpinzani wangu wa kwanza ana hoja nzito, tena anaitoa Morogoro hapohapo. Ananiambia: unasifu timu za mashirika, mbona zimekufa? Reli ya Morogoro iko wapi, ile iliyoitwa Kiboko ya Vigogo? Tumbaku iko wapi? Miaka ya 1970 na 1980 mji huu ulikuwa mji wa viwanda, wa turubai, wa magunia, wa ngozi, wa vyombo vya udongo, wa viatu. Kile kiwanda cha viatu kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kilipangiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka na hakikukaribia hata robo ya lengo. Mashirika yalipoyumba, timu zao ziliyumba nayo. Na kwa nini nisimtajie pia Mwadui, timu ya mgodi wa almasi Shinyanga, iliyoshuka 2021? Au Ruvu Shooting na Polisi Tanzania, timu za majeshi, zilizoshuka pamoja 2023 na hadi msimu wa 2025/26 unaanza hazikuwa zimerudi? Kama taasisi ni dawa, mbona wagonjwa hawa hawakupona?

Nakubali nusu ya hoja hiyo, na nusu niliyoikubali inanisaidia kuinoa yangu. Si kila taasisi ni mwamba. Kuna shirika ambalo limewekwa mahali kwa uamuzi wa ofisini, na linaweza kufungwa kwa uamuzi mwingine wa ofisini. Kiwanda cha viatu kingeweza kujengwa popote. Kiwanda cha sukari hakiwezi. Muwa ukishakatwa huanza kupoteza sukari, kwa hiyo kinu lazima kiwe shambani, na shamba lazima liwe kwenye maji ya bonde. Mtibwa ilipobinafsishwa mwishoni mwa miaka ya 1990, mwenye mali alibadilika, lakini hakuna mwenye mali awaye yote ambaye angeihamishia Dar es Salaam. Ubingwa wa 1999 na 2000 ulikuja kwenye kipindi hichohicho cha mabadiliko ambacho timu nyingine za mashirika zilikuwa zikizimika. Mwadui nayo inaeleza jambo lilelile kwa upande wa pili: mgodi wa Williamson ulisimamisha uzalishaji 2020, na timu ikashuka 2021. Sidai kwamba hilo pekee ndilo lililoishusha, soka lina sababu nyingi, ila mgodi ukisimama ni vigumu timu yake itembee. Ama Ruvu Shooting na Polisi, kutorudi haraka si kufa. Mtu anayenisikiliza vibaya atadhani nimesema taasisi inapandisha timu. Sikusema hivyo. Nimesema inaishika ikishuka.

Na kuna jambo la 2025 ambalo watu wa sukari hawatalisahau upesi. Msimu uleule Mtibwa inapanda, Kagera Sugar, timu ya kiwanda ndugu kule Missenyi, ilishuka baada ya takriban miongo miwili Ligi Kuu. Ndugu wawili walipishana mlangoni, mmoja akiingia, mwingine akitoka. Nani kati yetu anaamini kwamba Kagera Sugar itauzwa na kuibuka Mtwara kwa jina jipya? Ndiyo maana hata waliosikitika Bukoba wamesikitika kwa kiasi.

Nipanue uwanja kidogo, maana kuna nchi ambayo imeujenga mchezo wake wa daraja la chini juu ya wazo hili, japo haikulipanga hivyo. Marekani wana mpira wao wa miguu, ule wa kofia ngumu na mpira wa umbo la yai, na vyuo vikuu vyao vina madaraja. Vyuo vikubwa viko juu. Chini yake kuna ngazi tatu ambazo ulimwengu hauzitazami, na kila moja ina mchujo wake na bingwa wake. Ngazi ya kwanza ya hizo za chini huchukua timu 24 kwenye mtoano wa kufa na kupona, na kwa miaka mingi, hadi ile ya Januari 2025, fainali yake ilichezwa mjini Frisco, Texas. Tarehe 6 Januari 2025 North Dakota State iliifunga Montana State 35-32 na kutwaa taji lake la 10. Ngazi ya chini kabisa, Daraja la Tatu, haitoi hata ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo. Huko ndiko chuo cha Mount Union, kilicho kwenye mji mdogo wa Alliance, Ohio, kimetwaa ubingwa mara 13.

Wamarekani hawana kupanda wala kushuka kwa matokeo. Bingwa wa Daraja la Tatu mwaka huu atakuwa Daraja la Tatu mwakani. Kwa Mtanzania hilo ni kama kuambiwa ule pilau isiyo na nyama: mashindano gani yasiyokupeleka popote? Lakini watu wa Alliance wanakuja, kwa sababu chuo ni chao na hakuna tajiri anayeweza kukinunua, akakihamishia Chicago na kukipa jina la kampuni. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Appalachian State, chuo cha mji wa milimani uitwao Boone, North Carolina, mji unaoishi na milima yake kama Morogoro inavyoishi na Uluguru. Kilitwaa ubingwa wa daraja lake mara tatu mfululizo, 2005, 2006 na 2007, na Septemba 2007 kikaenda kukikabili chuo kikubwa cha Michigan, mbele ya watu zaidi ya 100,000, kikashinda 34-32. Ilikuwa kama timu ya Ligi ya Mkoa kuifunga Yanga kwenye Uwanja wa Mkapa. Miaka saba baadaye kilihamia daraja la juu kwa uamuzi wake, na kikabaki Boone.

Najua jibu linalonisubiri: usitufananishe na Wamarekani, vyuo vyao vina fedha. Vile vikubwa, ndiyo, vina fedha za kutisha. Ndiyo maana sivitegemei. Nawategemea wale wa Daraja la Tatu, wanaocheza bila ufadhili wa michezo, ambao mchezaji wao ni mwanafunzi aliyelipiwa ada na wazazi au na mkopo kama wenzake wa darasani. Kinachowaweka hai ni ule mnyororo wa mahali: aliyesoma hapo miaka 30 iliyopita anamleta mwanawe. Wala sisemi tuige ligi isiyo na kupanda na kushuka. Ngazi yetu ni nzuri, na ni bora kuliko yao kwa jambo moja kubwa, kwamba kijiji cha miwa kinaweza kuwa bingwa wa nchi. Nataka ngazi yetu ikanyagwe na timu zenye mizizi yao.

Mpinzani mwingine anasimama upande wa mashabiki. Anasema timu za taasisi hazina watu. Simba ikienda Manungu, uwanja mzima mwekundu, Yanga ikienda, mzima kijani na njano. Ni kweli, na ni kweli kwa karibu kila timu ya nchi hii isiyo Simba wala Yanga, iwe ya taasisi, ya tajiri au ya wananchi. Kwa hiyo hoja hiyo haizitengi timu za taasisi na nyingine. Lakini iko dosari ya kweli ndani yake. Taasisi nyingi zimeikumbatia timu kana kwamba ni idara, na mkazi wa kawaida hana kadi ya uanachama, hana mkutano wa mwaka, hana pa kusemea. Hata Mtibwa yenyewe imewahi kuwaacha wa Turiani na kuhamishia baadhi ya mechi za nyumbani Uwanja wa Jamhuri mjini, kama ile sare ya 1-1 na Simba Septemba 2020. Januari 2022 Simba ilipokwenda Manungu ikabanwa 0-0, kila mtu aliona nyasi na mazingira yale yanavyoweza kuwa mchezaji wa 12. Timu inayoihama ngome yake kwa ajili ya mapato ya siku moja inapunguza kilekile kinachoiokoa.

Hoja inayonisumbua kuliko zote ni ya fedha za umma. Mbeya City, Dodoma Jiji na Pamba Jiji ziko mikononi mwa halmashauri za majiji. Kwa hoja yangu, hizi ni timu bora: jiji haliwezi kuhama. Mbeya City ilishuka 2023 ikarudi 2025, na Pamba, iliyopotea zaidi ya miaka 20, ilirudi 2024 jiji la Mwanza lilipoibeba. Lakini kuna mama aliyesubiri dawa kwenye zahanati ya halmashauri hiyohiyo, na ana haki ya kuuliza kwa nini kodi yake inanunua mshambuliaji. Sina jibu la kumfunga mdomo, wala sitaki kumfunga. Ninachoweza kusema ni kwamba fedha ya timu iandikwe kwenye bajeti inayosomwa na madiwani, yenye kikomo, na izae uwanja na timu za vijana kabla ya kuzaa mshahara wa mgeni. Halmashauri inayoshindwa kufanya hivyo iache timu, hata kama maneno hayo yanaipunguzia nguvu hoja yangu.

Turudi sasa mjini Morogoro, chini ya Uluguru hasa. Manispaa hii ina watu zaidi ya laki 4, ina uwanja wa historia, ina mkoa uliozaa mabingwa wa 1975, 1999 na 2000. Haina timu ya mjini Ligi Kuu. Polisi Morogoro ilishuka 2015. Moro United ilibeba jina la mji lakini mwishoni makazi yake yalikuwa Dar es Salaam, na ilishuka 2012 huko ugenini ilikokuwa nyumbani. Burkina Faso na Mawenzi Market zimepita madaraja ya chini, zikitegemea mioyo ya watu wachache na mifuko yao. Na tangu Juni 2024 treni ya mwendokasi inaondoka Kihonda na kufika Dar es Salaam kwa muda usiofika saa mbili, kwa hiyo shabiki wa Morogoro anaweza kuona mechi ya Kwa Mkapa na kurudi kulala kwake. Zamani reli iliupa mji huu timu. Sasa inawasafirisha mashabiki wake kwenda kushangilia timu za mji mwingine.

Je, ni kitu gani Morogoro mjini kisichoweza kuhama? Milima haichezi mpira. Viwanda tumeviona. Lakini kuna vyuo vikuu. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kipo tangu 1984 kikiwa chuo kamili, na mashamba yake yanaanzia kwenye miteremko ya Uluguru. Mzumbe, iliyopata hadhi ya chuo kikuu 2001, iko barabara ya Iringa. Chuo Kikuu cha Waislamu nacho kiko mjini. Wanafunzi wao wanacheza michezo ya vyuo, chini ya TUSA, ambayo ni mashindano ya siku chache: mabasi, fulana, kombe, kwaheri. Uganda walikwenda hatua ya mbele mwaka 2012 walipoanzisha ligi ya vyuo vikuu ya nyumbani na ugenini, yenye hatua ya makundi na mtoano, na viwanja vya vyuo vikapata wenyeji wanaokuja kila wiki. Napendekeza hatua ya mbele zaidi ya hiyo: chuo kimoja cha Morogoro kisajili timu kwenye ligi ya wilaya, wanafunzi wakichanganyika na vijana wa Kilakala, Mwembesongo na Kihonda, wanachama wakiwa wakazi kwa haki sawa na wahadhiri.

Mtaniambia wanafunzi wanahitimu, kalenda ya ligi haijali mitihani, na chuo kina kazi ya kufundisha. Mitihani ina tarehe zinazojulikana mwaka mzima kabla. Ligi ya wilaya inaweza kuzipita. Kuhusu kuhitimu, hebu tupige hesabu. Timu inayoanza wilaya, ikashinda, inakwenda mkoa, kisha Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, kisha First League, kisha Championship, ndipo Ligi Kuu. Hata isipojikwaa hata mara moja, shahada ya miaka mitatu inakwisha kabla haijagusa Ligi Kuu, na timu hujikwaa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atakayefunga bao la kwanza la timu hiyo atakuwa ameshavaa joho na kupangiwa kazi wilaya ya mbali siku timu yake inacheza mchujo wa kupanda Ligi Kuu. Atakayecheza mechi hiyo pengine leo yuko darasa la tano Mgeta au Matombo, anapiga mpira wa makaratasi kwenye kiwanja chenye mteremko, na mpira ukivuka mstari anaufuata hadi mtoni.